Siku moja maishani mwangu: saa tisa ya Ifakara, saa tisa ya Basel

Saa kumi alfajiri. Simu inalia, naizima haraka kabla jirani hajagonga ukuta. Nje ni nyuzi mbili chini ya sifuri, giza la kuibia ng'ombe. Sipendi kuamka muda ambao hata muadhini wa kwetu bado anajinyoosha, lakini nafuga vimelea vya malaria, navyo ndivyo vinavyopanga ratiba.

Nasomea shahada ya uzamili ya baiolojia ya maambukizi Basel, Uswisi, na huu ni mwaka wa pili. Kwetu ni Ifakara. Rafiki zangu wa Dar hunicheka: mtu atoke bonde la Kilombero, kwenye mbu wa kumwaga, aende kusomea malaria nchi isiyo na malaria! Wengine wanaamini nabeba boksi tu huku. (Jumamosi nabeba, sikatai. Mwanafunzi kama mimi anaruhusiwa kufanya kazi saa 15 kwa wiki wakati wa masomo, na kodi ya chumba haijui mambo ya shahada.) Ila njia ya Ifakara na Basel ni ya zamani. Rudolf Geigy, aliyeanzisha Taasisi ya Kitropiki ya Uswisi hapa Basel mwaka 1943, ndiye aliyefungua maabara Ifakara mwaka 1957. Mimi nimeifuata tu njia hiyo kinyumenyume.

Saa kumi na moja kasorobo niko maabara, masikio yamekufa ganzi kwa upepo wa baiskeli. Navaa koti, kisha glovu mbili kila mkono. Kimelea cha Plasmodium falciparum hukaa saa 48 ndani ya chembe nyekundu ya damu. Kinaingia kikiwa kama kipete chembamba, kinanenepa, kinajigawa, halafu kinaipasua nyumba na kutoa watoto 16 hadi 32, kila mmoja akitafuta chembe yake. Hapo ndipo mgonjwa anapotetemeka. Vya kwangu vinatarajiwa kupasua asubuhi hii, na ukivikosa leo, utavingoja keshokutwa.

Namwaga damu taratibu juu ya Percoll, kimiminika kizito cha kutenganisha chembe, naiweka kwenye mashine ya kuzungusha. Chembe nzima zinazama chini. Zenye vimelea vilivyokomaa ni nyepesi kidogo, zinabaki katikati kama utando wa rangi ya kahawia, mfano wa mchuzi uliokaukia ukingoni mwa sufuria. Ukahawia huo ni mabaki ya hemoglobini waliyokula. Naunyonya utando kwa pipeti, pumzi nimeibana, nauchanganya na damu mpya kutoka benki ya damu, kisha chupa naiweka kwenye kabati la nyuzi 37 itikiswe. Saa kumi na moja na nusu kamili. Sasa nina saa tatu za kungoja.

Nakunywa chai. Nasinzia kwenye kiti.

Jua linachomoza saa mbili. Sijazoea hadi leo. Saa yetu Waswahili inaanza na jua: likitoka tu, umeanza kuhesabu moja, mbili. Hapa mwezi wa Januari linatoka saa mbili na kuzama saa kumi na moja jioni, kama kibarua aliyechelewa kufika na bado anataka kuwahi kuondoka. Hesabu yote ya kwetu inabaki inaning'inia.

Saa mbili na nusu namwagia sorbitoli, kitu cha jamii ya sukari, ya asilimia 5 kwa dakika kumi. Chembe zilizobeba vimelea vikubwa zinaipenyeza ndani, zinavimba, zinapasuka. Zenye vichanga zinasalimika. Kwa hiyo ninaobaki nao wote wana umri usiozidi saa tatu, na hao ndio ninaowataka, maana usugu wa dawa tunaouchunguza hujionyesha utotoni.

Saa tatu kamili naweka dawa ya malaria, dihidroatemisinini, kipimo cha nanomola 700. Ikae saa sita, ioshwe saa tisa. Isipungue, isizidi.

Hapa sina budi kuungama. Novemba iliyopita siku kama hii niliitwa ofisi ya vibali vya ukaazi. Nikaweka dawa saa tatu, nikabandika karatasi kwenye chupa, "Osha saa 9", kwa Kijerumani changu cha kuokoteza, nikamwomba mwenzangu wa maabara anisaidie, nikakimbia. Dakika chache baadaye dada wa watu akasoma karatasi, akatazama saa ya ukutani. 9:05. Akaona kachelewa, akaosha chapuchapu. Dawa ilikuwa imekaa dakika tano.

Siku tatu baadaye nachungulia hadubini: karibu vyote vizima, vimenawiri. Kwa robo saa nzima nilikuwa mgunduzi wa malaria isiyosikia dawa duniani. Nilishaanza kupanga nitakavyowaambia nyumbani. Msimamizi wangu, mama mmoja mpole asiyepandisha sauti, akauliza swali moja tu: "Iliwekwa saa ngapi, ikaoshwa saa ngapi?" Nikajibu kwa kujiamini: iliwekwa saa tisa, ikaoshwa saa tisa. Nikajisikia mwenyewe ninavyosema.

Siku hizi naandika 15:00, kwa kalamu nyekundu.

Saa tano nina darasa la takwimu. Nimekaa, nimesikiliza, nimeelewa nusu.

Saa saba chakula. Ugali wangu ni wa polenta, unga wa mahindi wa njano wanaopenda Waswisi wa kusini. Haushikani vizuri, lakini njaa haina jicho. Kila anayepita mezani anasema "En Guete", yaani karibu chakula, ila hamaanishi unawe mkono uanze kumega. Nilishawahi kumsogezea mtu sahani, akaishia kutabasamu.

Saa nane Mama anapiga. Kwao ni saa kumi, ametoka kuangalia mpunga.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula? Huko baridi imepungua?"

Tunazunguka mpunga, kanisa, bei ya mbolea. Halafu anapachika kama kitu kidogo: mjukuu wake, mtoto wa dada yangu, juzi alichemka homa. Zahanati wakamtoboa kidole, kipimo kikasoma malaria, akapewa dawa mseto.

"Ila mume wangu hajambo sasa, anacheza mpira. Za leo asubuhi sijampa, nimeziweka kabatini. Dawa zenyewe siku nyingine hazipo, zitatufaa."

Nilikaa kimya kidogo. Dawa mseto ni dozi sita kwa siku tatu. Artemeta iliyomo ndani yake ikifika mwilini hugeuka kuwa ileile dihidroatemisinini niliyoiweka kwenye chupa saa tatu asubuhi. Inavifyeka vimelea vingi haraka, homa inashuka, mtoto anadai mpira. Lakini nayo haikai mwilini, ndani ya saa chache imeisha. Vilivyosalia vinahitaji dozi zinazofuata na ile dawa mwenza inayobaki muda mrefu.

Ningeweza kumwambia Mama yote hayo. Nilimwambia: "Mama, mpigie yule muuguzi sasa hivi, umwambie zimebaki dozi mbili."

"Wewe ndiyo umeshakuwa daktari?"

"Hapana, Mama. Mpigie tu."

Kaguna. Guno la Mama lina maana kumi, na sikujua hili ni lipi.

Saa tisa kamili naosha. Nazungusha, namwaga mchuzi wa dawa, naweka msafi, narudia. Mkono unafanya, akili iko kwenye kabati la nyumbani. Matokeo ya chupa hii ni baada ya saa 72, yaani Jumapili. Nitakuja peke yangu, mji mzima umefungwa.

Kuanzia saa kumi nahesabu slaidi za jaribio la Jumatatu, zilizopakwa rangi ya Giemsa. Chembe 10,000 kwa kila slaidi, kidole gumba kwenye kihesabio: kli, kli, kli. Naanza na 3D7, ukoo wa vimelea unaotumika kwenye maabara karibu zote. Ulitoka kwa mgonjwa aliyekuwa akiishi karibu na uwanja wa ndege wa Schiphol, Uholanzi, ambaye hakuwahi kutoka nje ya nchi yake. Mbu alisafiri kwa ndege, akamfuata kwao. Kimelea hicho kimeishi Ulaya miaka mingi kuliko mimi na hakijawahi kuulizwa kibali. Leo 3D7 amekufa kama inavyotakiwa. Slaidi ya pili ni ya vimelea vya Kambodia, sugu: kipete kimoja, kingine, kingine tena. Mabadiliko ya jeni ya kelch13, yanayoleta usugu wa namna hii, yameshaonekana Rwanda na Kagera kwetu. Kutoka Kagera hadi Ifakara ni basi tu.

Saa moja usiku niko chumbani. Natoa taka kwenye mfuko wa buluu wa manispaa, ambao bei yake inakufanya ufikirie mara mbili kabla ya kutupa ganda la ndizi. Simu inaita mlio wa ujumbe. Picha: pakiti ya dawa kwenye meza ya plastiki, imebaki dozi moja. Chini Mama ameandika:

"Muuguzi kanisema. Amemeza saa mbili na maziwa. Ya mwisho asubuhi. Haya lala."