Gari yangu, betri yake na joto la Unguja

Mimi ni fundi wa mafriji na viyoyozi. Nakaa Mjini, lakini wateja wangu wengi ni mahoteli madogo ya Paje, Jambiani na Makunduchi. Kama naenda kuangalia tatizo tu, hadi leo napanda gari ya shamba, ile daladala namba 309 ya Jambiani. Ila mtungi wa gesi na pampu havipandi daladala bila ya ugomvi na utingo, na friji ya samaki ikizima usiku hakuna daladala ya kuingoja.

Nilitaka gari isiyotoa moshi mwingi, na kwanza niliitamani Nissan Leaf, ya umeme mtupu. Kazi yangu ni kupambana na joto, basi suali langu la mwanzo lilikuwa: betri yake inapozwa na nini? Haina maji ya kupozea wala feni. Hapa kwetu, Februari, hilo si jambo dogo. Leaf za mwanzo, zilizoanza kuuzwa 2010, zina betri ya kWh 24, yaani uniti 24 za umeme, na kwenye dashibodi mna vijistari 12 vya afya yake. Cha kwanza kikishatoweka, karibu asilimia 15 ya uwezo imekwenda. Niliyooneshwa ilikuwa na 9. Makunduchi kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 100, na umeme wetu wenyewe unakuja chini ya bahari hadi Fumba. Aliyekuwepo Disemba 2009 mpaka Machi 2010 anakumbuka kisiwa kilivyokaa gizani njia hiyo ilipoharibika. Kwa anayezunguka Mjini tu na anaegesha uani kwake, ningemwambia ainunue. Sisi wa vichochoroni, waya wa kuichajia tutaupitishia wapi?

Nikachukua Toyota Aqua, haibridi iliyotumika Japani. Ina injini ya lita 1.5 pamoja na mota ya umeme, na betri inajichaji kwa injini na kila unapopunguza mwendo. Kabla ya kulipa niliinama kwenye kiti cha nyuma. Betri imo chini yake, na kando pana tundu ambalo feni huvutia hewa ya kuipoza. Lilikuwa limejaa vumbi na nywele za paka! Nilimwambia muuzaji alisafishe, kisha tuiendeshe na kiyoyozi kikiwaka, nione kama feni itapiga kelele. Haikupiga.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi. Utaambiwa zima kiyoyozi, fungua vioo, uokoe mafuta. Kwa gari hii betri inavuta hewa ileile unayovuta wewe. Ukiifungia kwenye joto inachoka mapema, na betri iliyochoka ni hasara kwa mfuko na ni taka juu yake. Mimi nawasha kiyoyozi, kwa kiasi, na mkoba wa vifaa nauweka mbali na lile tundu.

Kuendesha kwenyewe ni subira. Kwenye foleni ya Mwanakwerekwe injini mara nyingi inazima yenyewe, gari inasogea kimyakimya. Matuta ya msitu wa Jozani, yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju, madereva wengi wanayalaani. Mimi naachia mafuta mapema, nakanyaga breki taratibu, na mwendo ule unarudi kwenye betri. Ukikanyaga kwa ghafla, mwingi unaishia kuwa joto kwenye breki za kawaida. Kwenye vijia vya mawe vya ufukweni Aqua iko chini mno. Naiacha kwenye lami, nabeba vifaa begani.

Kilichopunguza mafuta zaidi, lakini, ni ratiba. Kazi za kusini nazikusanya siku moja, za Nungwi siku nyengine. Mteja mmoja wa Paje alinuna. "Fundi, kwani mimi nisubiri mwenzangu aharibikiwe?" Nilimwambia nauli ya kuja huko wataigawana yeye na wa Jambiani. Sasa yeye ndiye anayempigia jirani yake kumuuliza kama ana chochote cha kutengeneza.