Nilivyopiga hesabu ya wimbi la redio linalotambaa Mwezini

Nilitaka kujua jambo moja: watu wawili wakiwa Mwezini, bila setilaiti, na mmoja yuko ng'ambo ya upeo wa macho, je, wataweza kusikizana kwa redio? Upeo wenyewe uko karibu mno. Nusu kipenyo ya Mwezi ni kilomita 1,737, kwa hiyo antena iliyoinuliwa mita 2 inaona kilomita 2.6 tu. Duniani ingeona 5.

Huku kwetu stesheni za mbali za masafa ya kati hushika usiku kwa sababu ionosfea, tabaka la juu angani lenye chembe za umeme, huzirudisha chini. Mwezini hakuna tabaka la kuifanya kazi hiyo. Linabaki wimbi la ardhini, yaani linalotambaa juu ya uso wa ardhi, na hapo ni udongo unaoamua.

Habari za udongo nilizipata kwenye matokeo ya Apollo 17, safari ya Wamarekani kwenda Mwezini. Desemba 1972, katika bonde la Taurus-Littrow, wanaanga Cernan na Schmitt walitandaza chini antena mbili za waya zilizopishana kama msalaba, kila moja mita 70 ncha hadi ncha. Mtambo ulirusha mawimbi kuanzia megahezi 1 hadi 32, na kipokezi kilibebwa na gari lao. Kadiri gari lilivyosogea, wimbi lililopita juu ya ardhi na lile lililopita ndani yake yalitiana nguvu hapa, yakapunguzana pale. Kutokana na kupanda na kushuka huko ikasomeka hali ya ardhi: kavu kabisa, permitiviti (kipimo cha jinsi kitu kinavyopokea uga wa umeme; ombwe ni 1) 3 hadi 4, na inapitisha umeme kidogo sana. Waya uliolazwa kwenye udongo wetu wenye unyevu hupoteza nguvu nyingi humo humo. Kule ulifanya kazi vizuri. Jaribio hili nalipenda kuliko yote ya safari ile.

Nikachukua permitiviti ya 3 nikaiingiza kwenye kanuni za Sommerfeld na Norton za kukokotoa wimbi la ardhini, kwanza kwa kalamu, halafu kwa programu fupi ya Python. Nilichotafuta ni umbali ambao wimbi wima (ambalo uga wake wa umeme umesimama) likiuvuka huanza kufifia kwa kasi, nikichukulia ardhi ni tambarare. Juu ya maji ya bahari, kwa megahezi 1, ni zaidi ya kilomita 6,000. Mwezini, kwa megahezi 1 hiyo hiyo, nilipata kama mita 430. Niliirudia hesabu maana sikuamini pengo hilo, na jibu lilikuwa lile lile.

Baada ya hapo, kila umbali ukizidi maradufu, nguvu ya uga hubaki robo. Anayetaka kufika mara mbili zaidi kwa kuongeza umeme atahitaji wati mara 16. Kushusha masafa ya wimbi, yaani hezi zake, kunalipa zaidi: kilohezi 100 zinausogeza mpaka ule hadi kilomita 4.3, kilohezi 10 hadi 43, na wimbi refu hujipinda vizuri zaidi kuufuata mviringo wa Mwezi. Gharama yake ni antena, kwani robo ya wimbi la kilohezi 100 ni mita 750, na nafasi ya kupitishia sauti inakuwa finyu.

Kwa kituo chenye watu wanaotembea kilomita chache, ningechagua kilohezi mia kadhaa na ujumbe mfupi wa maandishi. Ningekiweka upande unaotuelekea, ingawa kelele za redio za Dunia hufika huko. Upande wa pili umekingwa nazo na Mwezi wenyewe, na kanuni za ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, zinaulinda kwa ajili ya falaki ya redio. Wanaosikiliza anga waachiwe ukimya huo.