Chai juu ya kibodi

Bukavu, Jumamosi usiku

Juzi jioni, umeme ukiwa umekatika mtaani kwetu Kadutu, niligonga kikombe kwa kiwiko, na chai ya maziwa ikamwagika juu ya kibodi ya kompyuta yangu. Nilikimbilia kitambaa kwanza, na hilo ndilo kosa ninaloliandika hapa kwa aibu. Nilijiambia kwamba hakuna hatari kwa kuwa umeme haupo, ilhali kioo kilikuwa kinawaka mbele yangu: mashine ilikuwa ikitumia betri yake, na mkondo wa betri ukipita kwenye majimaji unaweza kuunguza sakiti, tena huharakisha kutu.

Nilipozinduka, nilishikilia kitufe cha kuwashia mpaka kioo kikazima, nikizitoa sadaka aya tatu za tasnifu ambazo sikuwa nimezihifadhi, kisha nikachomoa flashi na kuisimamisha mashine kama hema, kibodi ikitazama chini, ili chai itokee ilikoingilia badala ya kuteremka ndani zaidi. Betri imefungiwa ndani kwa skrubu, nami sikuwa na bisibisi ndogo kiasi hicho.

Mama alinishauri niisogeze karibu na mbabula. Nilimjibu, "Hapana, Mama, joto la makaa litapinda plastiki." Mdogo wangu naye akaleta bakuli la mchele wa bonde la Ruzizi, ambao haukaushi mashine kuliko hewa ya kawaida, na vumbi lake huingia kwenye matundu. Mchele tuliupika.

Yangekuwa maji matupu, labda ningeiacha ikauke siku mbili tatu. Lakini chai ikikauka huacha sukari na mafuta ya maziwa, kwa hiyo jana asubuhi niliipeleka kwa fundi bila kujaribu kuiwasha. Alipanga skrubu kwenye kisahani, akafungua, akanionyesha duara la kahawia linalonata kando ya soketi ya kibodi, pamoja na pini mbili zilizokwisha kuota ukijani. Alizisugua kwa mswaki uliochovywa kwenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, kwa maana ile ya asilimia 70 ya duka la dawa ina maji mengi mno.

Tasnifu ipo, kasoro aya zile. Kibodi ndiyo iliyokufa, na iliyopatikana ni ya Kiingereza ilhali mpangilio wangu ni wa Kifaransa: nikibonyeza Q, kioo kinaandika A. Ukurasa huu nimeuandika bila kutazama chini.