Siku moja na fundi umeme wa Tanga: taa imewaka, lakini kazi haijaisha

Saa 12 asubuhi

Simu inaita kabla sijamaliza kupanga begi. Ni mama mmoja wa Makorora, mteja wangu wa zamani. "Mwanangu, friji inanitekenya." Namwambia azime swichi kuu, achomoe friji, na mtu asiiguse mpaka nifike. Kutekenya ndiyo lugha ya kwanza ya shoti, na watu wengi huizoea. Wanavaa kandambili, wanafungua friji kwa kitambaa, maisha yanaendelea.

Natoka na baiskeli. Tanga ni tambarare, na begi la vifaa linakaa vizuri kwenye keria. Ngazi atakuja nayo msaidizi wangu.

Saa 1 na nusu

"Shikamoo mama." "Marahaba, karibu. Aliyefanya ni huyu," ananionyesha kijana wake kwa kidevu.

Kijana ameongeza soketi mbili jikoni. Kwa macho, kazi ni safi: plasta imelainishwa, soketi zimekaa sawa, hakuna waya unaoning'inia. Mama alikuwa ameridhika, maana birika lilichemka na simu zikachajiwa. Ndiyo sababu sipendi mtu akiniambia "mbona inafanya kazi". Mlango uliopachikwa vibaya utakwaruza sakafu siku hiyohiyo. Umeme uliofungwa vibaya utakuchemshia chai miezi na miaka.

Soketi zetu za matundu matatu zimefuata mtindo wa Uingereza: tundu la juu ni la waya wa ardhi, la kulia ukiitazama ni la moto (waya unaoleta umeme), la kushoto ni la nyutro (unaoурudisha). Testa yangu, ambayo huwaka ikigusa moto, ikawaka kushoto. Nikazima, nikafungua.

Nyumba hii ni ya zamani, na nyaya zake ni za rangi za zamani: nyekundu moto, nyeusi nyutro, kijani ardhi. Nyumba za siku hizi zina kahawia kwa moto, buluu kwa nyutro, na kijani chenye njano kwa ardhi. Kijana alijifunza kwenye video ya Marekani. Kule mweusi ndio wenye moto, mweupe ndio nyutro, na soketi zao za kawaida ni za volti 120 wakati zetu ni 230. Mweupe hakuuona ukutani, basi mweusi akauchukulia kuwa ndio wa moto na mwekundu akaufanya nyutro. Yule wa kwenye video hakukosea, ila alikuwa nyumbani kwake.

Halafu waya alionunua ni wa nyuzi mbili tu. Wa ardhi haumo kabisa. Friji nyingi huvujisha umeme kidogo kwenye bati lake. Waya wa ardhi ukiwapo unauchukua na mtu hahisi kitu. Usipokuwapo, njia iliyobaki ni mkono wa mama.

Kilichonitoa jasho ni mpango wake wa kurekebisha. Alikuwa ameona video nyingine inayosema ukikosa waya wa ardhi, toa kipande cha waya kwenye nyutro ukiunge kwenye tundu la ardhi, hapohapo nyuma ya soketi. Nikamkalisha nikamchorea. Nyutro yako, mdogo wangu, ndiyo yenye moto. Ungeiunga hivyo, bati lote la friji lingekuwa na volti 230, na friji ingeendelea kugandisha barafu bila neno. "Lakini breka si ingekata, dada?" Hapana. Breka inalinda waya, hailindi mtu. Ile ya soketi inasubiri ampea 32 na zaidi, na mtu hufa kabla hazijafika huko. Kifaa cha kumlinda mtu ni kile kinachokata umeme ukivuja miliampea 30, na kwenye boksi lao hakikuwapo. Sasa kipo kwenye orodha ya vitu vya kununua.

Nimezitenga soketi zake, friji imerudi kwenye soketi ya zamani ambayo nimeipima. Kijana ana mikono mizuri na hana uvivu. Nimemwambia aende VETA, chuo cha ufundi.

Saa 4

Duka la vifaa, Ngamiani. Hapa ndipo penye kiini cha tatizo, kwa maoni yangu, kuliko hata kwenye video. Kaunta haiulizi. Ukitaka waya wa milimita za mraba 1.5, 2.5, sita, unakatiwa. Ukitaka breka ya ampea yoyote unapewa. Mbele yangu kuna bwana anataka breka kubwa zaidi kwa sababu "hii ya sasa inaruka ruka nikiwasha shawa". Namuuliza shawa ya kilowati ngapi. Tano na nusu. Na waya? Ule wa taa, 1.5, ndio uliokuwapo darini.

Kilowati 5.5 kwa volti 230 ni karibu ampea 24. Waya wa 1.5 tunaufungia taa na breka ya ampea 6 au 10. Breka yake inaruka kwa sababu inafanya kazi yake. Akiweka ya 32 itatulia, na waya ndio utakaochemka, juu darini, kwenye mbao na joto la Tanga ambalo hata bila shawa linatosha. Akanisikiliza, akanunua waya wa milimita sita. Muuzaji akanitazama kwa furaha, maana ule ndio ghali.

Saa 6 na nusu

Umeme umekatika mtaa mzima. Swala, wali na samaki, kivuli.

Saa 8

Mwakidila, kwa mwalimu mstaafu anayejenga. Huyu ndiye jibu langu kwa wanaodhani kwamba tukiwakataza watu kujifungia umeme, mafundi tunalinda ugali wetu tu. Alinifuata kabla ya plasta, akasema waziwazi kwamba fedha ya kumlipa fundi kazi yote hana. Tukagawana. Nilimchorea wapi swichi, wapi soketi, wapi boksi kuu, paipu zipite wima au mlalo tu, zisikate ukuta mshazari, ili atakayepigilia msumari wa picha miaka ijayo awe na pa kukisia. Kutindua kuta, kulaza paipu na kupachika boksi amefanya mwenyewe na wajukuu. Kazi ile ni ya vumbi na inakula siku nyingi za fundi. Kosa lake linaonekana kwa macho na halimuui mtu. Kuvuta nyaya, kuunga, waya wa ardhi na kupima ni juu yangu.

"Mwanangu aliyeko Marekani anasema kwao mwenye nyumba anaruhusiwa kufanya yote," ananichokoza. Kweli, mwalimu, sehemu nyingi za kule anaruhusiwa, ila anaomba kibali na mkaguzi anakuja kutazama kabla ukuta haujafunikwa. Uingereza na Wales tangu 2005 kazi kubwa za umeme wa nyumbani lazima zitolewe taarifa au zifanywe na aliyesajiliwa. Hapa kwetu leseni ya fundi inatoka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na TANESCO, shirika la umeme, kabla ya kukuwashia wanataka fomu yenye muhuri wa mkandarasi mwenye leseni. Ubaya wetu uko kwenye huo muhuri. Kila mara napata mtu aliyejifungia nyaya nyumba nzima, anataka nimgongee tu, atanipa cha soda. Nikimwambia nitapima kwanza, ananuna, anakwenda kutafuta mwingine. Afadhali yule wa Makorora aliyejaribu bila kuficha kuliko fundi anayegonga muhuri kwenye nyumba asiyoiona.

Leo tunavuta nyaya za vyumba viwili na kufukia fimbo ya ardhi. Huku karibu na bahari chumvi inakula viungo, kwa hiyo kibano nimekipaka grisi na nimemwachia mwalimu mfuniko wa kukikagua. Mwisho napima kwa volti 500 kama ganda la nyaya linazuia umeme usivuje, kabla hazijaona umeme wa kweli. Kipimo kisipofika megaohmu moja hatuwashi. Chumba cha pili kimegoma. Waya ulichubuka kwenye kona ya paipu. Tumeuvuta nje tukaingiza mpya. Bila kipimo taa ingewaka tu.

Saa 11 na nusu

Mwenye duka Chuda, kwa sababu ya lile katizo la mchana. Ana jenereta, na ana waya wenye plagi ya kiume pande zote mbili: upande mmoja jenereta, mwingine soketi ya ukutani, nyumba yote inawaka. Anataka niutengeneze plagi iliyolegea.

Ukichomoa upande mmoja, kati ya vile vyuma vitatu ulivyoshika mkononi mna moto. Ukisahau kuzima swichi kuu, umeme wa jenereta unatoka nje kuelekea nguzoni, ambako kuna mtu amepanda akijua laini imezimwa. Nikamwambia kinachotakiwa ni swichi ya kubadilishia, ili umeme wa TANESCO na wa jenereta usiweze kukutana.

"Bei?"

Nikamtajia.

"Fundi, huu waya mbona umenifaa siku zote."

Nikatoa plaizi nikaukata katikati mbele yake. Akaruka: nimlipe waya wake. Tukabishana mpaka wateja wakaingilia. Mwisho tumekubaliana naupunguza kwenye ufundi, swichi ananunua kesho mwenyewe, na risiti nitaiona kabla ya kufungua begi.