Lenta ya nyumba ya mchungaji imemwagwa leo

Kamwene wapendwa!

Hapa Mufindi lenta, yaani mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, imekamilika saa kumi jioni. Wageni kutoka Marekani wamepokezana karai na akina mama wa kwaya tangu asubuhi.

Nondo 4 za milimita 12, ringi za kuzifunga pamoja kila sentimita 20. Zinapoungana zimelaliana sentimita 60. Tofali za kuchoma zililoweshwa kwanza, maana zikiwa kavu zinanyonya maji ya zege.

Kipimo: mfuko 1 wa saruji, ndoo 3 na nusu za mchanga, ndoo 7 za kokoto. Maji ndoo moja na robo, basi.

Hapo kwenye maji ndipo palipoleta shida. Zege likiwa zito kwenye chepe, wageni wanaongeza maji ili liteleze. Linateleza kweli, ila maji yakishakauka yanaacha vitundu ndani na lenta inakosa nguvu.

Fundi hajui Kiingereza. Akachota zege kiganjani, akalifinya, akafungua mkono: limeshikana, halichuruziki.

Mgeni mmoja akaangalia, akasema, "Ugali!"

Kuanzia hapo hakuna aliyegusa ndoo ya maji bila kumwangalia fundi. 😂

Sasa ni kumwagilia asubuhi na jioni siku 7. Mirunda inayoshikilia lenta kwenye madirisha isiguswe wiki mbili, hata mtu akiwa na haraka ya kupandisha kenchi za paa.

Wa Njombe na Makete, baridi hii zege mnalifunika na nini usiku? Sisi tumetandika viroba.