Taa ya upepo kwenye gari la mjomba

Ukishaishi nje, ndugu wanaamini unakijua kila kitu chenye waya. Nikiwa hapa Minneapolis napigiwa simu za king'amuzi, za jokofu, za simu iliyojifunga, na sasa zimefika za gari. Mjomba wangu wa Isevya, Tabora, amenunua gari lililotumika kutoka Japani. Kwenye dashibodi imewaka taa ya njano: tairi lililokatwa kati, ndani yake alama ya mshangao. Baada ya shikamoo akaenda moja kwa moja: "Mjomba, nizimishie hii taa. Huko kwenu si magari yote yanayo?"

Yanayo kweli: ni taa ya kuonya kwamba upepo wa tairi umepungua. Marekani gari dogo jipya lazima liwe na mfumo huu tangu 2007, kutokana na sheria iliyopitishwa mwaka 2000 baada ya ajali nyingi za matairi kupasuka. Japani haijalazimisha, kwa hiyo magari mengi yanayoletwa nyumbani kutoka kule hayana taa hiyo, na la mjomba limekuwa kioja kijiweni.

Huku Minneapolis taa hii mara nyingi huwashwa na baridi tu. Joto likishuka kama nyuzi 5 au 6, tairi linapoteza karibu PSI 1, kile kipimo cha upepo cha kwenye geji. Umejaza 32 wakati wa kiangazi, nyuzi 25. Januari asubuhi ni hasi 20, geji inakusomea kama 24 na hakuna hata msumari. Watu wanaongeza upepo, wanaendelea na safari. Tabora hakuna baridi ya namna hiyo. Pale taa ikiwaka, mimi nashuku mwiba au valvu inayovuja kabla ya kushuku kompyuta.

Kwa hiyo nilimwambia mjomba asiguse kitufe chochote kwanza. Apime asubuhi, gari likiwa limelala, maana tairi lililotembea linapata moto na kudanganya geji. Kiwango sahihi cha upepo kimebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Akanipigia picha: maandishi yote ya Kijapani, na namba 220. "Mia mbili ishirini! Si litapasuka?" Hizo ni kilopaskali, mjomba, kwenye geji ya fundi pancha ni 32. Tairi la nyuma kulia likakutwa na 21, na msumari wa mabati umezama hadi kichwa. Hebu fikiria angezima taa kisha aondoke hivyo hivyo kwenda Urambo.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea kuhusu kuriseti. Magari mengine, kama hili, hayana sensa ndani ya tairi. Yanatumia vipimo vya ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, kuona gurudumu lipi linazunguka haraka kuliko wenzake, kwa kuwa tairi lililopungua upepo mduara wake umefupika. Ukiriseti, unaliambia gari: huu upepo uliopo sasa ndio sahihi. Ukifanya hivyo matairi yakiwa legevu, litaukubali ulegevu na kunyamaza. Kwanza pancha izibwe, yote manne yajazwe sawa, ndipo uwashe swichi gari likiwa limesimama, ubonyeze kitufe cha alama ile ile chini ya usukani na kukishikilia mpaka taa ipepese taratibu mara tatu. Kisha uendeshe kwa muda ili lijifunze. Magari mengine kazi hiyo inafanyika kwenye menyu ya skrini, kwa hiyo kitabu cha gari kisitupwe.

Taa ikipepesa kama dakika nzima kila unapowasha, kisha ikabaki imewaka, hilo ni jambo jingine: mfumo wenyewe ni mbovu. Kwenye magari yenye sensa ndani, betri ya sensa huisha baada ya miaka kama 5 hadi 10, na kwa kawaida unabadilisha sensa nzima. Nyingi zinakaa kwenye mzizi wa valvu, kwa hiyo mwambie fundi kabla hajaingiza chuma kubandua tairi, maana hapo ndipo zinapovunjwa.

Mjomba alikuwa tayari ameshauriwa kijiweni abandike plasta nyeusi juu ya taa. Sasa imezima, na ameniagiza kifaa cha kompyuta cha kusomea gari. Mwezi wa kumi na mbili kuna mtu anarudi nyumbani. Nitampa geji ya upepo.