Ubao wa Kwanza

Nilipoondoka Matondoni, kijiji cha waundaji vyombo kisiwani Lamu, mwaka 2008 nilikuwa najua kuunda mashua nzima isipokuwa ubao mmoja.

Asiyekulia bandani haoni tofauti. Ubao ni ubao. Lakini ule wa kwanza, unaolala ubavuni mwa mkuku, ule mti wa chini kabisa, kutoka omo ya mbele hadi tezi ya nyuma, ndio unaoamua chombo kitakuwa na tumbo la namna gani. Ukiuinua kidogo kupita kiasi, mbao zote za juu yake zitaufuata katika kosa lake. Kwa hiyo mafundi wa kwetu humwachia mwanafunzi ubao huo mwisho kabisa. Kwanza utanoa tezo za wenzio. Utasokota pamba na kuichovya kwenye mafuta, utashika ncha ya mbao mpaka mabega yafe ganzi, utatoboa matundu kwa keekee, utakalafati, yaani utaziba mianya kwa pamba. Ukipata bahati utachonga mataruma, zile mbavu za chombo, kisha mbao za juu. Mimi nilifika hapo. Ami yangu, ndugu wa baba, akaniambia, "Kusi ikiisha nitakutia ubao wa tini," yaani huo wa chini. Pepo za kusi hazijaisha, nikapata viza.

Nilikaa Dubai miaka kumi na minne, katika ghala moja upande wa Deira. Kazi ilikuwa kupanga makasha, sina la kuwahadithia. Ila ghala lenyewe halikuwa mbali na Khor, hori ya Dubai, na pale ukingoni, chini ya majumba ya vioo, majahazi ya mbao hufunga ubavu kwa ubavu yakipakia majokofu, matairi na viyoyozi vya kupeleka Iran na Somalia. Mabaharia wengi ni Wahindi wa Gujarat. Saa ya chakula nilikuwa nachukua chapati yangu nakwenda kukaa mbele ya chombo chochote, nikitazama pale ubao wa chini unapozama majini. Unazama! Ndiyo shida ya ubao ule: chombo kikishashuliwa huuoni tena.

Nilirudi 2022. Basi kutoka Mombasa hadi Mokowe, boti hadi Lamu mjini, kisha bodaboda kwenye njia ya mchanga. Nilipoondoka, njia ile tulikuwa tunakwenda kwa punda au kwa miguu. Wiki ya kwanza ilikuwa ya kula na kuulizwa. Utafungua duka? Utanunua boti ya abiria? Wakala wa M-Pesa, je? Nikasema nataka kurudi bandani kwa ami, na nataka kufundisha vijana. Mama alikuwa anasuka mkeka wa ukindu. Hakuinua kichwa. "Miaka yote Uarabuni," akasema, "umerudi kuchonga?"

Bandani nilikuta chombo kimoja, cha kutengenezwa, si cha kuundwa. Ami ameshapita miaka sabini. Alinipa mkono, akatazama viganja vyangu, akacheka.

Nimewasikia watu wengi, na wengine ni wakubwa wenye vyeo, wakisema vijana wa siku hizi wamedharau mila, ndiyo maana uundaji unakufa. Mimi sikubali hata kidogo. Kaa bandani wiki moja upige hesabu. Mbao za mbambakofi zinatoka bara na kila mwaka bei inapanda. Mataruma yanatoka mikokoni, na ingawa zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko hapa Lamu, huwezi kuingia na shoka tu, lazima kibali. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti mwaka 2018, na mikoko ikaingizwa humo, mafundi walikaa wakitazamana. Wakati huohuo boti za faiba zinakuja zimekwisha kutengenezwa: hazitaki kalafati, hazitaki kupakwa shahamu na chokaa, zinafungwa mashine zinaondoka. Sasa mwambie kijana anayeweza kupata shilingi 800 kwa siku juu ya bodaboda aje asokote pamba bure miaka mitatu kwa ajili ya mila. Mila haili mkate wa mofa asubuhi.

Basi kabla ya kuwaita nilifanya jambo ambalo ami hakulipenda: nilitenga fungu la akiba yangu nikasema kila kijana atakayekuja atapata shilingi 500 jioni. Tutaunda mashua ndogo ya futi 14. Ikiuzwa tutatoa gharama ya mbao, misumari na hizo mia tano, kinachobaki tugawane sote, na ami apate mafungu mawili. Ami akasema yeye alifundishwa kwa makofi, wala hajapata kusikia mwanafunzi analipwa. Lakini vijana watano walikuja. Wanne wamebaki.

Siku ya kwanza niliingia kama mwalimu kweli kweli. Nilikuwa na michoro niliyoichora usiku, yenye vipimo vya sentimita, na nilikuwa na kile kifaa cha leza kinachopiga mstari mwekundu ulionyooka. Nilikinunua Dubai kwa pesa nyingi na nikakibeba mapajani kwenye ndege kama yai. Nikakiweka juu ya gogo, nikakiwasha. Mstari ukapita juu ya mkuku, juu ya fashini, ule mti wa ncha ya chombo, juu ya kanzu ya ami, na vijana wote wakatazama. Katika mashua hakuna kitu kilichonyooka isipokuwa mkuku, na mkuku tulishaunyoosha kwa uzi na makaa kabla ya kahawa. Aliyefaidi ni paka wa bandani. Aliufuata ule mwanga mwekundu mpaka akatumbukia kwenye ndoo ya mafuta. Leza iko kabatini hadi leo, na mimi tangu siku hiyo naitwa Mdubai.

Ami hana michoro. Ana uzi, ana shibiri yake na wanda zake, yaani upana wa kidole, na ana kawaida ya kurudi nyuma hatua kumi, anachuchumaa, anafumba jicho moja. Wanafunzi wakiuliza kipimo huwaambia, "Ito lako li wapi?" Jicho lako liko wapi? Zamani jibu hilo lilinifanya nijione mjinga. Safari hii nilimsihi aseme anachokiona kwa maneno, na nadhani hiyo ndiyo kazi yangu hasa pale: kumuuliza ami maswali ambayo vijana wanaogopa kumuuliza. Mara nyingi anajua jibu. Mara nyingine ananyamaza, anaushika mkono wa kijana anaupitisha juu ya mti, polepole, mpaka mkono wenyewe ukwame. "Hapo."

Siku ya kwenda kutafuta mataruma ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Taruma haipindwi. Hutafutwa ikiwa imepinda yenyewe: tawi la mlilana, aina ya mkoko, lililokua likikwepa mwenzake, au pale shina linapoachana na mzizi. Ukikata mti ulionyooka ukauchonga uwe na mpindo, nyuzi zake zinakatika, na siku ya bahari mbaya unapasuka palepale kwenye mkunjo. Kwa hiyo unaingia mkondoni na mtumbwi wakati wa maji kujaa, una kibali mfukoni, na kichwani una mipindo kumi na mbili unayoitafuta. Ami huikumbuka yote. Sisi hatukuweza. Basi kijana mmoja, mdogo wao, wa miaka kumi na sita, alikuwa amepinda waya mnene juu ya mkuku na mbao za chini, mahali pa kila taruma, akaupiga picha kila safari kwa simu. Kule mikokoni alikuwa anainua simu mbele ya tawi, anafumba jicho moja kama ami. Nilidhani mzee atakasirika. Aliichukua simu, akaiangalia picha, akaangalia tawi, akaliinamisha shoka. "Hii simu ina ito," akasema. Nilimwonea wivu yule kijana, nakiri.

Nimetanguliza mikoko kabla ya ubao, na ubao ndio uliotangulia. Pengine naukwepa.

Ami alinitia ubao wa kwanza siku ya Alhamisi, mbele ya wanafunzi wangu. Nilikuwa na umri wa miaka arubaini na moja. Ubao ulikuwa wa mbambakofi, tumeuloweka maji ya bahari, kisha tukaupitishia moto wa makuti upande wa ndani huku ukimwagiwa maji upande wa nje, tukauvuta kidogo kidogo kwa jiriwa, kile kibanio cha kukaza, na kamba ufuate mkuku. Mbambakofi ni mti mwenye kiburi. Unasikia sauti yake: kwanza kilio chembamba, kisha kimya, na kwenye kimya hicho inabidi uache, ungoje, umwage maji. Mimi sikungoja. Nilikuwa nimengoja miaka kumi na minne, nikashindwa kungoja muda wa kunywa kahawa. Nikakaza jiriwa mara moja zaidi, ukalia kama bunduki. Ufa ulikwenda shibiri mbili kutoka omo.

Hakuna aliyesema kitu. Ami alikuja akaingiza ukucha kwenye ufa, akautazama unakoishia. Ubao ule ulikuwa wa bei ya siku nyingi za mia tano tano. Akaniambia tu nikate pale ulipofika salama, ubao uliobaki utafaa kwa juu, na twende tukaloweke mwingine Jumamosi.

Wa pili haukupasuka. Kuulaza kulituchukua siku nne, kwa sababu mwisho wa kazi ni kule kukutanisha kingo. Unausogeza ubao mpaka uguse mkuku, halafu unapitisha msumeno mwembamba katikati ya vitu hivyo viwili, ili meno yakate kingo zote mbili kwa pamoja. Unasogeza tena, unapitisha tena. Kila mara nafasi inazidi kuwa nyembamba, kwanza wanda, kisha unene wa shilingi, kisha uzi. Kijana mmoja yuko ndani, mmoja nje. Wa nje akiona mwanga anasema. Alipoacha kuona mwanga tulitoboa, tukazungushia kila msumari pamba yenye mafuta, tukaugonga. Karibu na omo kulikuwa na mahali pamoja penye fundo la mti. Nilipakalafati mwenyewe, usiku, kwa taa.

Katika siku hizo vijana walikuwa wakiulizana kuhusu Flipflopi, lile jahazi lililoundwa hapahapa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, likashushwa majini 2018 na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Wengine walisema basi tuache mbao. Ami alikuwa amekwisha kuliona. Akasema waliolichonga walikuwa mafundi wa mbao kwanza, na plastiki ile waliichonga kwa mkono uleule. Kwa hiyo sokoteni pamba. Nami naona hivyo. Kitu cha kuchonga kinaweza kubadilika.

Nje ya banda wadogo zao wanaunda vyombo vyao wenyewe kwa kumbi la nazi na kijiti. Zamani matanga tulifanya kwa mifuko ya plastiki ya dukani. Tangu ipigwe marufuku 2017 wanatumia gunia la unga, na kusema kweli yanashika upepo vizuri zaidi.

Tulimaliza karibu na mwisho wa kaskazi. Yule mdogo alichonga macho ya omo, duara mbili zenye mwezi na nyota, moja kubwa kidogo kuliko mwenzake, ami akatukataza kuzirekebisha. Tuliishua siku ya bamvua, maji yakiwa makubwa. Mama alipika wali, ikasomwa dua, watu wa mtaa wakashika kamba, na mashua ikateremka juu ya magogo yaliyopakwa shahamu mpaka ikakaa juu ya maji ikitikisika kama mtoto anayeamka.

Mashua mpya huvuja, hilo si la kushtua. Mti ukinywa maji hufura na viungo hufunga vyenyewe. Tukaiacha ilale majini usiku mmoja. Asubuhi kulipopambazuka tulikwenda sote sita kutazama. Ngama, chini kabisa ndani ya chombo, ilikuwa kavu kutoka tezi hadi mlingotini. Kutoka mlingotini kwenda mbele kulikuwa na maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu, na ukiinama uliona yanakotoka, uzi mmoja mwembamba unaometa, karibu na omo, kwenye lile fundo.

"Mai hayafiti," ami akasema. Maji hayafichi. Alitoa patasi ya kalafati kwenye mkoba na fundo la pamba, nami nikanyosha mkono. Akampa yule mdogo.

Kijana akavua shati, akapiga magoti mbele, akaanza kuichokonoa pamba yangu aitoe. Hakugeuka. Akanisukumia kopo la rangi tupu kwa mguu.

"Mdubai," akasema, "kumba maji."